Mdhamini wa Mwili

Katika nchi moja yenye amani nyingi hata ikalazimika kulindwa kwa vifaru, aliishi mwanamke aitwaye Gaudensia Mpelembe, mwandishi wa Taarifa Rasmi za Bunge. Jina la nchi hatulitaji, maana kulitaja bila kulitanguliza na neno "Tukufu" ni kosa la jinai, na kulitanguliza na neno hilo kila mara kunachosha.

Kazi ya Gaudensia ilikuwa kuketi kwenye meza ndogo chini ya kiti cha Spika, hedifoni masikioni, na kuandika kila neno lililotoka vinywani mwa waheshimiwa, bila kusahau makofi na vicheko vyao. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana mwembamba. Sasa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na magoti yanayolia akipanda ngazi. Waheshimiwa wote mia mbili na arobaini aliwajua kwa sauti kuliko kwa sura. Alijua nani huvuta kamasi kabla ya kusema uongo, na nani hupandisha sauti akifika kwenye takwimu asizozielewa.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Kolumba, kinyozi. Wazazi wao walikwisha kutangulia, na yeye ndiye aliyemlea. Sasa Kolumba alikuwa mahabusu, mwezi wa kumi na nne. Sheria ilitaka kila duka liwe na picha ya Mlezi wa Taifa, naye akaitundika ya kwake kwa heshima zote, ukutani, mkabala na kioo kikubwa cha kunyolea. Siku moja mteja mmoja, kidevu kimejaa povu, akatazama kiooni na kugundua kwamba Mlezi wa Taifa anapunga mkono wa kushoto. Mteja huyo alikuwa mtumishi wa serikali wa aina ile isiyovaa sare. Hakungoja hata povu likauke. Kolumba akashtakiwa kwa kosa la kumgeuza Mkuu wa Nchi.

Kioo kilichukuliwa kuwa kielelezo, kikapelekwa kwa wataalamu. Kila baada ya siku kumi na nne Kolumba alipandishwa kizimbani, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, hakimu akaahirisha, Kolumba akarudishwa. Dhamana alinyimwa kwa ajili ya usalama wake mwenyewe, eti wananchi wenye hasira wangeweza kumdhuru. Wananchi wenyewe walikuwa wakimsimamisha Gaudensia sokoni na kumwuliza kijana atatoka lini, maana vichwa vimewaota misitu.

*

Mwaka ule Mlezi wa Taifa alikwenda gereza kuu kuzindua mlingoti mpya wa bendera. Akaona watu wamelala kwa zamu, ubavu kwa ubavu kama dagaa, akauliza hawa wamefanya nini. Mkuu wa gereza, mtu mkweli ambaye siku hizi anapima malori mpakani, akajibu kwamba katika kila watu kumi, tisa hawajahukumiwa. Mlezi akasikitika. Alisikitika dakika nzima mbele ya kamera, kisha akasema jambo hili litafutiwe dawa.

Nchi ililala na matumaini. Gaudensia alikwenda kufungua kibanda cha Kolumba, akafagia buibui, akapangusa viti. Majirani wakamsaidia kutoa vumbi. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba dawa ya watu kujazana ndani ni kuwatoa nje.

Dawa ililetwa bungeni na Waziri wa Haki na Utulivu, Profesa Dismas Lugenja, ikiitwa Muswada wa Marekebisho ya Dhamana na Adhabu. Profesa alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvuta pumzi fupi kabla ya kila sentensi, kama anayetaka kupiga mbizi. Alianza kwa kutangaza kwamba kuanzia sasa dhamana itakuwa haki ya kila mshtakiwa, tajiri kwa maskini, kwa kosa lolote.  Gaudensia aliandika sentensi ile, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaikosea herufi.

Kisha Profesa akavuta pumzi, akaeleza utaratibu. Hati za viwanja zinaghushiwa, barua za watendaji zinaghushiwa. Kitu pekee kisichoghushika ni mwili wa mtu. Kwa hiyo mshtakiwa atatoka siku hiyo hiyo, ili mradi mdhamini wake aingie na kukaa mahali pake mpaka kesi iishe.

"Mheshimiwa Spika," alisema Profesa, "mshtakiwa atakuwa nyumbani akila ugali wake. Gereza litakuwa na idadi ile ile, kwa hiyo bajeti haitayumba. Na wote walio ndani watakuwa ni watu waliokubali wenyewe kwa hiari. Tutakuwa nchi ya kwanza duniani isiyo na mahabusu hata mmoja."

Gaudensia akaandika: *Makofi.*

Sehemu ya pili ilihusu adhabu. Mshtakiwa akipatikana na hatia, kifungo kitatumikiwa na yeyote atakayekutwa ndani wakati huo, kwa kuwa kuhamisha watu huku na huko ni kuwasumbua askari. Adhabu, alifafanua Profesa, ni mali ya Taifa. Haiwezi kupotea eti kwa sababu mwenye kosa hayupo.

Mjadala ulichukua siku tatu. Mbunge wa Mabwawa Makavu alipewa dakika kumi na mbili, akatumia kumi na moja kumshukuru Mlezi kwa mvua, na ya mwisho kuunga mkono hoja. Mbunge mwingine alitaka mdhamini awe mtu mwenye tabia njema, kwa kuwa gereza si mahali pa wahuni, na pendekezo likapita. Mbunge wa Viti Maalumu vya Wazalendo akahofia kwamba watu wajanja watadhaminiwa na vikongwe na watoto, Taifa lipunjwe. Akapendekeza mdhamini asipungue uzito wa mshtakiwa, na kila lango la gereza liwekwe mizani. Hilo lilishangiliwa hadi Spika akaomba utulivu.

Kwa siku zote tatu hakuna aliyepinga. Ila Gaudensia, mwenye kusikia pumzi za watu, aligundua kitu. Wasemaji walikuwa wakikauka koo. Kila aliyeketi baada ya kuunga mkono alitulia kidogo, akatazama dari, midomo ikicheza kama mtu anayepitia majina ya ndugu zake mmoja mmoja.

*

Siku ya uamuzi, saa tano asubuhi, Spika akasimama. Akawaomba wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo ikatoka, nyembamba, ya viti vya mbele, kama amina ya wazee kwenye misa ya katikati ya juma. Akawaomba wasioafiki waseme siyo.

Mwanzo palikuwa kimya. Kisha kitu kikaanza kunguruma kutoka nyuma ya ukumbi. Hakuna aliyefungua kinywa. Waheshimiwa walikuwa wameinamia makaratasi yao, nyuso za watu wanaosali, na sauti ikawa inatoka puani, kifuani, chini ya meza, ikapanda safu kwa safu mpaka maji katika glasi ya Spika yakatikisika. Kwenye hedifoni neno lenyewe lilimpiga Gaudensia hata akazivua masikioni. Halafu likakatika ghafla. Waheshimiwa wakageuka huku na huku kutafuta nani amesema, kila mmoja amekunja uso kwa mshangao.

 Spika akasema anadhani waliosema ndiyo wameshinda.

Wakapiga makofi, na waliopiga kwa nguvu kuliko wote walikuwa wa viti vya nyuma. Gaudensia akaandika kama inavyoandikwa siku zote, kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Kabla ya saa saba mchana Mlezi alikuwa ameitia saini.

Kesho yake asubuhi akaitwa ofisini kwa Spika. Alimkuta Spika na Profesa Lugenja wakinywa chai, na kikombe cha tatu kimekwisha kumiminwa. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kupewa chai katika chumba kile. Spika akamwuliza habari za magoti yake. Kisha akamweleza kwamba Mlezi wa Taifa alikuwa akisikiliza uamuzi redioni, na baada ya hapo ameuliza swali moja tu, la neno moja: nani?

"Sasa, mama," alisema Spika, "sisi hatuwezi kumjibu. Kanda tunayo, lakini masikio hatuna. Masikio unayo wewe. Tunataka majina, yote, Ijumaa asubuhi."

Profesa Lugenja aliunga mkono kwa ukali. Alisema wasaliti lazima wafichuliwe, mmoja mmoja, bila kutazama cheo. Alipokuwa akisema, kijiko kiligonga kikombe chake mara mbili.

Spika akaongeza, kama kitu alichokikumbuka tu, kwamba wamesikia ana mdogo wake mwenye matatizo. Upelelezi wa kesi ile, alisema, ungeweza kukamilika Ijumaa hiyo hiyo. Pengine wangekuta ulikwisha kukamilika zamani, na kijana angeachiwa moja kwa moja, bila dhamana wala mdhamini.

Gaudensia aliacha chai yake. 

*

Jumatano ilikuwa siku ya kuona wafungwa. Kolumba aliletwa kwenye wavu, amekonda, shati limemlegea mabegani. Akamwambia dada yake kwamba hajambo, chakula kipo, na wenzake ni watu wazuri. Katikati ya maneno hayo kikohozi kikamshika. Akageuka kumwomba askari ruhusa ya kukohoa, na askari yule alikuwa mbali, amempa mgongo. Kolumba akangoja, macho yamemtoka, mkono kifuani.

"Kohoa, mdogo wangu," alisema Gaudensia.

"Ngoja kwanza, dada," akasema Kolumba kwa sauti iliyobanwa. "Ngoja anione."

Gaudensia alitoka pale ameshaamua. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kusikilizia kanda, chini ya ukumbi wa Bunge, akafunga mlango, akaanza. Alirudisha sekunde tisa za ile ngurumo mara mia, mara mia mbili. Kila alipotambua mtu aliandika jina kwa penseli. Yule mvuta kamasi alikuwemo. Wa Mabwawa Makavu alikuwemo. Yule wa mizani alikuwemo, tena sauti yake ilitangulia nyingine zote. Alhamisi mchana alikuwa na majina mia mbili na kumi.

Akaifungua sheria mpya, bado inanuka wino, ili ajue orodha ya namna ile inaandikwaje. Akasoma kifungu cha dhamana, na penseli ikasimama. Mia mbili na kumi watakamatwa Ijumaa. Wote wana haki ya dhamana siku hiyo hiyo. Akamfikiria dereva wa Mbunge wa Mabwawa Makavu, mzee mnene aliyezoea kusinzia kwenye usukani, mguu mmoja nje. Akawafikiria wapishi, watunza bustani, wapwa waliokuja mjini kusoma na kupewa chumba cha uani. Hakuna mheshimiwa hata mmoja ambaye angelala ndani. Orodha aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya watu mia mbili na kumi waliosema siyo, lakini wa kwenda gerezani walikuwa wengine kabisa, ambao siku ile hawakuwemo ukumbini na hawakusema chochote.

Akavaa hedifoni tena, asijue kwa nini, labda kwa mazoea. Akasikiliza tena mpaka mwisho, na safari hii, katika viti vya mbele kabisa, akasikia pumzi fupi ikivutwa kabla ya neno.

*

Profesa Lugenja aliingia saa tisa alasiri bila msaidizi. Akafunga mlango mwenyewe, jambo ambalo mawaziri wa nchi ile walikuwa wamelisahau. Akauliza kazi imefikia wapi. Akaambiwa imekwisha.

"Umewasikia wote?"

"Nimewasikia wote, Mheshimiwa."

 Gaudensia akachomoa waya wa hedifoni ili sauti itoke nje, akarudisha kanda, akaiachia. Chumba kikanguruma. Katikati ya ngurumo ile pumzi ikavutwa, waziwazi, kama ya mtu anayepiga mbizi. Profesa akatafuta kiti bila kukitazama, akaketi.

 Kisha akaanza kueleza, akiiambia sakafu. Wiki aliyokuwa akiuandaa muswada, alichukua karatasi ili aandike majina ya watu wake, kwa mfano tu, wa kumkalia gerezani iwapo siku moja mambo yatabadilika. Mkewe alisema ana presha. Mwanawe mkubwa, aliyeko masomoni ng'ambo, aliomba arudiwe swali mara mbili, kisha simu ikakatika na haikupigwa tena. Dereva wake wa miaka kumi na sita alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani, akaomba uhamisho.

"Nilifika mwisho wa karatasi," alisema Profesa, "na karatasi ilikuwa nyeupe."

"Kwa nini basi umeuleta bungeni?"

Profesa akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Niliambiwa niulete."

Gaudensia akachukua orodha yake, akaikunja, akaichana vipande, akavitia katika kikapu cha takataka. Profesa akainama, akavitoa vyote, akavitia mfukoni. Mlangoni akageuka, akamwambia kwamba hatausahau wema wake. Alilisema hilo kwa upole sana. Ni baada ya hatua zake kupotea kwenye korido ndipo Gaudensia alipoanza kuuogopa upole ule.

Ijumaa asubuhi alimpelekea Spika karatasi yenye maneno mawili: *Sauti hazikutambulika.* Spika aliisoma, akaipindua kuona kama nyuma kuna kitu, akasema asante mama. Hakukasirika. Akamwombea apone magoti.

*

Jumatatu ikaja barua ya Wizara ya Haki na Utulivu, yenye saini ya Waziri mwenyewe. Wizara ilifurahi kumjulisha kwamba mdogo wake, kinyozi Kolumba Mpelembe, amechaguliwa kuwa mshtakiwa wa kwanza nchini kunufaika na sheria mpya. Mdhamini aliyeidhinishwa ni dada yake. Iwapo mdhamini hatafika kabla ya saa nne Jumanne, itachukuliwa kwamba mshtakiwa hana ndugu, na mtu asiye na ndugu hawezi kudhaminiwa maisha yake yote. Kwa mkono, chini, Profesa alikuwa ameongeza: *Nimekukumbuka.*

Gaudensia aliisoma amesimama. Aliona jinsi fadhili ile ilivyoshonwa vizuri, bila uzi hata mmoja kuning'inia. Kolumba atatoka. Na masikio pekee yaliyosikia pumzi ya Waziri yatakuwa nyuma ya ukuta wenye seng'enge, kwa hiari ya mwenyewe.

Jumanne saa tatu alikuwa langoni. Palikuwa na waandishi wa habari, mizani mpya iliyofungwa utepe, na bendi ya askari. Kolumba alipimwa kwanza: kilo arobaini na saba. Gaudensia akapimwa: sabini na mbili. Ofisa akanong'ona na mwenzake, kisha akatangaza kwamba kilo ishirini na tano zilizozidi zimepokelewa kama mchango wa hiari kwa Taifa. Bendi ikapiga.

Kolumba hakuwa ameambiwa chochote. Alipomwona dada yake akivua viatu ndipo alipoelewa. Akasema hatoki. Akashika nguzo ya lango kwa mikono miwili.

"Toka, Kolumba," alisema Gaudensia. "Nje wewe utahangaika mpaka kesi isikilizwe. Mimi nikiwa nje na wewe ndani, nimehangaika miezi kumi na minne, na umeona tulipofika."

"Sina akili ya mahakama, dada. Najua kunyoa tu."

"Basi wanyoe mpaka wakusikilize."

Askari walimbandua vidole kimoja kimoja. Alipopitishwa mbele yake, Kolumba alimwambia haraka haraka mambo matatu: asilale karibu na mlango, akiitwa mara ya kwanza aitike, na asimwambie mtu yeyote kwamba ana usingizi mwepesi. Kisha wakamsukuma nje, kwenye jua, akasimama pale akisubiri kuambiwa pa kwenda.

Kitabu cha gereza hakikubadilishwa, maana kubadilisha kitabu kulihitaji kibali. Kila asubuhi, upande wa wanawake, mnyapara aliita Kolumba Mpelembe, na Gaudensia akaitika naam.

*

Kolumba alimtembelea kila Jumatano, shati safi, nywele zimekatwa, akizidi kunenepa na akizidi kuona haya. Mara tatu, kila baada ya wiki mbili, alikuja na habari kwamba kesi imeahirishwa. Mara ya nne ilibidi dada yake amshurutishe kusema.

Ilikuwa hivi. Alipandishwa mbele ya hakimu, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, na Kolumba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanyoosha mkono mahakamani. Akaomba kesi isikilizwe upesi. Hakimu akashangaa. Akamwuliza haraka ya nini, ilhali yeye yuko huru, anafanya kazi yake, anakula kwake. Kuna kesi za watu wenye shida kweli. Akaipanga itajwe baada ya mwaka.

"Nikamwambia, basi mheshimiwa, mwachie dada yangu," alisema Kolumba. "Akanitazama kwa huruma kabisa. Akaomba jalada, akapekua ukurasa kwa ukurasa, akasema jina lako halimo. Akasema huyo mama hana kesi hapa wala mahakama yoyote. Na mtu asiye na kesi, hana wa kumwachia."

Gaudensia aliuegemea wavu. Nyuma ya Kolumba foleni ilikuwa imejaa uwanja, washtakiwa wenye nguo zilizopigwa pasi, wengine wa tai na viatu vya kung'aa, wakisubiri zamu kuwaona walioingia kwa ajili yao. Nyuma yake mwenyewe walisimama wapishi, madereva, shangazi na wapwa, wakinyoosha shingo watambue nani amekuja na nani hakuja. Akamwuliza Kolumba kama siku hizi anakula asubuhi. Kolumba akasema anakula. Akamwambia afunge kibanda mapema mvua zikianza, maana bati la nyuma linavuja.

Kengele ikapigwa. Wenye kesi wakarudi majumbani, na wasio na kesi wakaingia ndani.